MAISHA YA IBN BATTUTA NA KUKAA KWAKE UCHINA

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake, tunaanza kijitabu hiki kidogo kwa kueleza maisha ya mtu ambaye jina lake hutajwa sana katika baraza zetu za pwani, lakini khabari zake hazijulikani ila kwa uchache. Naye ni Ibn Battuta, msafiri wa Tangier. Wengi wetu twajua kuwa alifika Mombasa na Kilwa. Wachache ndio wajuao kuwa alikwenda mpaka Uchina, akakaa katika miji ya Wachina, kisha akaeleza khabari zao kwa lugha ya Kiarabu, na maelezo yake yakawa miongoni mwa maelezo makubwa ya mgeni juu ya nchi ile katika zama zile.

Tumeichagua safari hii ya Uchina kwa kuwa ina mazingatio mawili kwa kila Mwislamu aendaye nchi za watu kwa biashara, au kwa ilimu, au kwa kazi. La kwanza, ni vipi atakaa na watu wasiokuwa wa dini yake, aihifadhi dini yake, na wala asiwadhulumu wale watu kwa ulimi wake. La pili, ni haki ya wazee na watoto aliowaacha nyuma. Katika mambo yote mawili Ibn Battuta alipata na alikosa, na yeye mwenyewe hakuyaficha.

KUZALIWA KWAKE NA KUTOKA KWAO

Jina lake ni Abu Abdillah Muhammad bin Abdillah, wa kabila la Lawata, nalo ni kabila la Waberberi. Alizaliwa katika mji wa Tangier, katika nchi ya Maghribi ambayo leo yaitwa Moroko, mwezi 17 Rajab mwaka 703 wa Hijra, ndio mwaka 1304. Jamaa zake walikuwa watu wa ilimu na ukadhi, na madhehebu yao ni madhehebu ya Imamu Malik. Basi naye akasomeshwa sharia kama walivyosomeshwa wakubwa wake.

Mwezi 2 Rajab mwaka 725 (1325) alitoka kwao kwenda kuhiji, naye ni kijana wa miaka 21 kwa hisabu ya miaka ya jua. Alitoka peke yake, bila ya rafiki wa kufuatana naye wala msafara wa kujiunga nao. Baba yake na mama yake walikuwa hai, na kuagana nao kulimuuma sana yeye na wao. Hapana katika wao aliyejua kuwa siku ile ndiyo ya mwisho kuonana duniani.

Alipofika Iskandaria, katika mwaka 1326, alikwenda kumzuru mcha Mungu mmoja, Shekhe Burhanuddin Al-Aaraj. Shekhe yule alimtambua kuwa ni mtu apendaye safari, akamwambia kuwa hapana budi atamzuru ndugu yake Fariduddin katika Bara Hindi, na ndugu yake Ruknuddin katika Sindi, na ndugu yake Burhanuddin katika Uchina, na akamwomba awafikishie salamu. Ibn Battuta alistaajabu, kwani fikra ya kwenda nchi zile haikuwa imemwingia kabisa. Tangu siku hiyo ikamwingia, wala haikumtoka tena. Msomaji aiweke khabari hii moyoni, maana tutairejea.

KUPITA KWAKE PWANI YETU

Baada ya kuhiji na kuzunguka Iraki na Ajemi na kukaa Makka kwa kusoma, aliingia chomboni kutoka Aden akaja pwani hii, na wengi katika watu wa tarehe wanasema ilikuwa katika mwaka 1331. Alipita Zeila na Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, kisha akaenda Kilwa. Ameandika kuwa watu wa Mombasa ni wa madhehebu ya Imamu Shafi, watu wa dini na wema, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa uzuri, na katika mlango wa msikiti pana kisima na kata ya kutekea maji ili mtu aoshe miguu kabla ya kuingia. Na Kilwa alimkuta Sultani Abul Mudhaffar Hasan, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake. Akaeleza jinsi fakiri mmoja wa Yemen alivyomwomba Sultani nguo alizozivaa, na Sultani akaingia ndani akavua, akampa.

Twalitaja hili ili msomaji aujue mzani wa mtu huyu. Alipoona jema alilisema, na alipoona lililomchukiza alilisema pia. Na kwa mzani huo huo ndio alioipimia nchi ya Uchina.

UBALOZI NA KHASARA YA KALIKUT

Mwaka 734 (1333) aliingia Bara Hindi, akapokewa na Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, akafanywa kadhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Sultani huyu alikuwa mtu wa kutoa na mtu wa kuua. Leo humtajirisha mgeni, na kesho humwua mwanachuoni kwa neno moja. Ibn Battuta mwenyewe aliwekewa walinzi mlangoni kwa sababu ya kumzuru Shekhe mmoja aliyekasirikiwa na Sultani, akafunga saumu na kusoma Kurani mpaka Mwenyezi Mungu alipomwokoa. Shekhe yule aliuawa. Baada ya hapo Ibn Battuta aliacha kazi, akagawa mali yake, akakaa na mcha Mungu mmoja kwa muda wa miezi mitano katika ibada.

Katika hali hiyo ndipo Sultani alipomwita, akamtaka awe balozi wake kwa mfalme wa Uchina. Mfalme huyo alikuwa ameleta zawadi nyingi, na akaomba ruhusa ya kujenga hekalu katika nchi iliyokuwa chini ya Delhi. Sultani hakutoa ruhusa ila kwa sharti ya kulipwa jizia, lakini alirejesha zawadi kubwa kuliko iliyoletwa, na Ibn Battuta ndiye aliyewekwa kuisimamia. Alitoka Delhi mwezi wa Safar mwaka 743 (1342), kama alivyosema mwenyewe. Njiani akashikwa na wanyang'anyi karibu na Koil, akaokoka kwa shida baada ya kutangatanga siku nyingi kwa njaa na kiu.

Alipofika bandari ya Kalikut alikuta marikebu 13 za Wachina zimetia nanga, zikingoja msimu wa pepo. Ameziandika sifa zake kwa urefu. Kubwa yao huwa na matanga kuanzia matatu mpaka kumi na mawili, yaliyosukwa kwa fito za mwanzi kama majamvi, na hupandwa na watu 1,000, mabaharia 600 na askari 400. Ndani yake mna vyumba vya wafanya biashara vyenye kufungwa kwa ufunguo, na mabaharia hupanda mboga na tangawizi katika masanduku ya mbao humo humo chomboni. Sisi watu wa majahazi twaweza kulipima neno hili kuliko wengine.

Siku ya Alkhamisi zawadi na watu walipakiwa. Ibn Battuta alibaki pwani ili asali Ijumaa, na vitu vyake na watu wa nyumba yake walikuwa katika chombo kidogo. Usiku wake bahari ikachafuka. Marikebu ya zawadi ikavunjika pwani, wakafa wenziwe wawili katika ubalozi pamoja na watu wengi, na cha kidogo kikatweka matanga kikaenda zake. Akabaki yeye ufuoni, hana ila dinari kumi na busati alilokuwa akilalia. Ikiwa sala ya Ijumaa ndiyo iliyomweka nchi kavu, basi sala hiyo ndiyo iliyomwokoa roho yake, na kwa hilo hana la kulaumu.

Aliogopa kurudi Delhi, kwani alimjua Sultani wake. Akazunguka Malabari, akawa kadhi katika visiwa vya Maldive, akafika Ceylon, kisha Bengali. Huko Bengali alimzuru mcha Mungu mkubwa, Shekhe Jalaluddin, aliyekuwa akikaa katika milima ya Kamaru. Shekhe akamvika juba la manyoya ya mbuzi. Wanafunzi wake wakamwambia Ibn Battuta kuwa Shekhe amekwisha kuwakhabarisha kwamba juba lile litachukuliwa na mtawala kafiri, naye atampa ndugu yao Burhanuddin wa Sagharj, na kwamba alifumwa kwa ajili yake. Ibn Battuta akaazimia moyoni mwake asiingie nalo kwa mtawala yeyote.

KUINGIA KWAKE UCHINA

Alipitia Sumatra, akapokewa na Sultani Al-Malik Al-Dhahir, naye alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafi mwenye kupenda kukaa na wanavyuoni. Sultani akamtengenezea chombo, na katika mwaka 1346 kwa kadiri, akafika bandari ya Zaytun, ambayo leo ni mji wa Quanzhou. Zama hizo Uchina ilitawaliwa na Wamongoli, wa dola iliyoitwa Yuan, na wao walipenda kuwatumia Waislamu wa Ajemi na Turki katika kazi za serikali na biashara. Kwa hiyo katika kila mji mkubwa palikuwa na mtaa wa Waislamu, wenye misikiti, na kadhi wa kuhukumu baina yao, na Shekhe wa kuangalia mambo yao.

Ibn Battuta alisema kuwa bandari ya Zaytun ni katika bandari kubwa kabisa za dunia, na kwamba aliona humo marikebu kubwa kiasi cha mia moja, na ndogo hazina idadi. Wakaja kumsalimu kadhi Tajuddin wa Ardabil, na Shekhe Kamaluddin wa Isfahan, na mfanya biashara Sharafuddin wa Tabriz. Huyu Sharafuddin alikuwa amemkopesha fedha zamani huko Bara Hindi, naye alikuwa amehifadhi Kurani yote. Waislamu wa nchi ile, kwa sababu ya ugeni wao, walikuwa akija Mwislamu kutoka mbali hufurahi mno, wakampa zaka za mali zao hata akawa tajiri kama wao. Mpaka leo katika mji huo upo msikiti wa mawe uliojengwa mwaka 400 wa Hijra (1009) na kutengenezwa upya mwaka 1310, na yapo makaburi yenye maandishi ya Kiarabu. Mawe hayo ni shahidi kwamba mtaa alioueleza ulikuwapo kweli.

ALIYOYASIFU KWA WACHINA

Jambo la kwanza alilolisifu ni amani. Alisema kuwa Uchina ni nchi ya salama kuliko zote kwa msafiri, hata mtu aweza kusafiri peke yake mwendo wa miezi tisa, na mali nyingi mkononi, asikhofu. Na sababu yake akaieleza. Katika kila kituo pana nyumba ya wasafiri yenye mkubwa wake na askari. Baada ya magharibi mkubwa huyo huja na karani wake, akaandika majina ya wote waliolala humo, akapiga muhuri, akafunga mlango. Asubuhi huja akawahisabu mmoja mmoja, akawapelekea mtu wa kufuatana nao mpaka kituo cha pili, na mtu huyo hana budi arudi na hati ya kuwa wote wamefika. Kwa hiyo amani ile ilipatikana kwa kalamu na daftari pamoja na upanga.

Na kama hivyo katika marikebu zao. Chombo kikitaka kusafiri, watu wa serikali huandika kila aliyepanda, na kikirudi huwahisabu tena, na nahodha huulizwa juu ya kila aliyekosekana, amekufa au amekimbia.

Jambo la pili ni ustadi wao katika kazi za mikono, khasa kuchora. Siku moja alipita yeye na wenziwe sokoni, nao wamevaa mavazi ya Iraki. Walipopita tena jioni wakakuta sura zao zimechorwa katika karatasi na kubandikwa ukutani, na kila mmoja akawa atazama sura ya mwenziwe. Akaambiwa kuwa ndiyo desturi yao kwa wageni, na kwamba mgeni akifanya kosa akakimbia, sura yake hupelekwa mijini atafutwe kwayo.

Jambo la tatu ni biashara yao. Aliona kuwa hawauzi wala hawanunui kwa dhahabu na fedha, bali kwa vipande vya karatasi, kila kimoja kadiri ya kiganja, chenye muhuri wa mfalme. Kikichakaa, mtu hukipeleka katika nyumba ya serikali akapewa kipya bila ya malipo. Aliona watu wakiwasha vipande vya udongo vikawaka kama makaa. Aliona hariri kuwa rahisi hata yavaliwa na mafakiri, na kwamba tajiri mwenye mali isiyohisabika huvaa kanzu ya pamba isiyo na thamani. Akaeleza pia vyombo vya udongo vya Zaytun na Sin Kalan, ambayo leo ni Guangzhou, jinsi vinavyotengenezwa na kuchomwa, na jinsi vinavyopelekwa Bara Hindi na nchi nyinginezo mpaka Maghribi. Msomaji wa pwani hahitaji dalili katika hili, kwani sahani na bakuli za Kichina zimo katika kuta za majumba ya kale na nguzo za makaburi yetu, nazo zilikuja kwa bahari hii hii.

Na la nne, nalo ni kubwa kwa mwenye insafu. Alipokwenda Sin Kalan aliona hekalu lao kubwa, na ndani yake mna vyumba vya vipofu na vilema, na mayatima na wajane, na wazee wasioweza kazi, wote wanalishwa na kuvishwa kwa mapato ya mali iliyowekwa wakfu. Hekalu lile lilikuwa la ibada asiyoikubali hata chembe, lakini wema alioukuta mle ndani hakuuficha.

ALIYOYACHUKIA, NA KOSA LAKE

Pamoja na hayo yote, Ibn Battuta amekiri wazi kuwa Uchina haikumpendeza. Moyo wake ulidhikika kwa kuona ukafiri umeenea, na kila alipotoka nje aliona mambo yaliyomchukiza, hata akawa hatoki ila kwa haja. Na alipomwona Mwislamu alikuwa kama aliyekutana na mtu wa nyumba yake.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Mtu kuuchunga moyo wake katika nchi ya ugeni si aibu, bali ni wajibu, na kila aliyekaa ugenini aijua dhiki ile. Lakini Ibn Battuta alikuwa amekwenda kama balozi na kama mwenye kutafuta khabari, na mlango alioufunga ulimkosesha mengi. Lugha ya Kichina hakuijua. Khabari zake nyingi alizipata kwa Waislamu wenziwe wa Ajemi, na kwa hiyo akakosea baadhi ya mambo, kama vile alivyodhani kuwa mto mmoja ndio utokao Khanbaliq mpaka Sin Kalan, na hali mito ni mbalimbali. Alipowaeleza wacheza viini macho alieleza vizuri, na dini na vitabu vya Wachina hakuvieleza, kwa kuwa hakuvitafuta.

Lakini tusimwonee. Alipokuwa Sin Kalan aliuliza juu ya ukuta wa Yajuju na Majuju, ambao watu wa Maghribi walidhani uko upande ule. Akaambiwa uko mbali sana, na hakuona mtu aliyeuona, wala aliyemwona aliyeuona, naye akaandika hivyo hivyo. Lau angekuwa mwongo, hapo ndipo mahali pazuri pa kusema uwongo, kwani wasomaji wake wote walitamani khabari ile.

MTU WA SEUTA

Katika mji wa Qanjanfu, ambao wengi wanauona kuwa ni Fuzhou, aliletewa khabari kuwa amekuja fakihi mmoja mkubwa kumzuru. Akaingia mtu, wakasalimiana, na baada ya kuzungumza kidogo Ibn Battuta akawa amtazama sana. Mgeni akamwuliza sababu. Ibn Battuta akamwuliza nchi yake, akasema kuwa ni mtu wa Seuta, nayo ni bandari iliyo karibu na Tangier. Alipojua kuwa mwenziwe ni wa Tangier akalia, na Ibn Battuta akalia kwa kilio chake. Kisha akamkumbuka. Alikuwa ni Qiwamuddin Al-Bushri, aliyemwona Delhi zamani akiwa kijana asiyeota ndevu, amehifadhi Muwatta ya Imamu Malik, na Sultani alimpa dinari 3,000 akataka akae, akakataa kwa kuwa nia yake ilikuwa Uchina. Sasa alikuwa tajiri mkubwa, mwenye watumwa na mali nyingi. Akampa Ibn Battuta zawadi nyingi, na alipoondoka akamsindikiza kwa siku nne.

Miaka michache baadaye, Ibn Battuta alipofika Sijilmasa, mji ulio ukingoni mwa jangwa la Sahara, alikaa katika nyumba ya ndugu wa Al-Bushri yule, naye hajui lolote la nduguye. Akastaajabu mno kwa umbali uliopo baina ya ndugu wawili, mmoja mwisho wa mashariki na mmoja mwisho wa magharibi.

KHANSA NA KHANBALIQ

Kutoka hapo alikwenda Khansa, ndio Hangzhou, akasema kuwa ni mji mkubwa kuliko wote aliouona katika uso wa dunia. Alikaa katika nyumba ya watoto wa Uthman bin Affan wa Misri, mfanya biashara aliyeupenda mji ule akauhamia, akajenga msikiti mkubwa na zawia yenye wakfu nyingi kwa mafakiri. Liwali wa mji, Qurtay, akamkaribisha karamu, akamtembeza katika mfereji na mwanawe, na waimbaji wakaimba kwa Kichina na kwa Kiarabu na kwa Kiajemi.

Na huko Khansa ndiko, kwa maelezo yake, alikopotelewa na juba. Siku moja alikuwa amelivaa njiani, akakutana na waziri, akamchukua mpaka kwa Liwali. Liwali akalipenda, naye hakuweza kumnyima. Akalipwa makanzu kumi, na farasi na vyombo vyake, na fedha. Alikasirika moyoni, kisha akayakumbuka maneno ya Shekhe. Na anasema kuwa alipofika Khanbaliq, ndio Beijing, aliingia kwa Shekhe Burhanuddin wa Sagharj, akamkuta amekaa anasoma, na juba lile lile liko mwilini mwake. Hivyo ikatimia pia ile safari aliyokhabarishwa kule Iskandaria miaka ishirini nyuma.

Ni haki kumwambia msomaji kuwa wanavyuoni wa tarehe wamekhitilafiana juu ya safari hii ya Khanbaliq. Ameandika kuwa mfalme wa Uchina aliuawa vitani wakati ule na akazikwa mbele ya watu, na hali tarehe za Wachina zaonyesha kuwa mfalme yule alitawala miaka mingi baada yake, mpaka dola ya Yuan ilipoondolewa Beijing mwaka 1368. Kwa hiyo wako wasemao kuwa hakupita Zaytun na miji ya pwani, na wako wasemao kuwa hakufika Uchina kabisa. Lakini maelezo yake ya Zaytun na mtaa wa Waislamu yanakubaliana na yaliyojulikana kwa njia nyingine, nasi twaona kuwa asiye na yakini asimtie mtu katika uwongo wala asimtetee katika kila neno.

KURUDI KWAKE

Palipokuwa na fitina katika nchi alirudi Zaytun, akapanda chombo kilichokuwa kikienda Sumatra, na katika mwaka 748 (1347) akafika Dhofar. Mwaka 1348 akaingia Damaskas, mji alioondoka miaka zaidi ya ishirini nyuma akamwacha mke mjamzito. Alipokuwa Bara Hindi alipata khabari kuwa amezaa mtoto mwanamume, akampelekea babu wa mtoto dinari arobaini za dhahabu. Sasa akaenda msikitini kumwulizia mwanawe, akaambiwa kuwa amekufa tangu miaka kumi na miwili. Kisha akamkuta mtu wa Tangier, akamwulizia wazee wake, akaambiwa kuwa baba yake amekufa tangu miaka kumi na mitano, na mama yake yu hai.

Mwaka huo ndio mwaka wa tauni kubwa. Huko Damaskas watu walifunga siku tatu, wakatoka wote kwa miguu, na misahafu mikononi, wakimlilia Mwenyezi Mungu, na Mayahudi na Wakristo wakatoka pia na vitabu vyao. Ibn Battuta akahiji tena, kisha akashika njia ya kwao. Mwisho wa mwaka 1349, alipofika Taza, na kwao ni karibu, akapata khabari kuwa mama yake amefariki kwa tauni. Aliyesafiri miaka 24, akaingia katika nyumba za wafalme wengi, alikwenda Tangier kuzuru kaburi.

KITABU CHAKE NA KUFA KWAKE

Baada ya kwenda Andalus, na kisha Mali katika mwaka 1352, aliitwa Fez na Sultani Abu Inan, akaamriwa asimulie safari zake. Mwandishi akawa Ibn Juzay wa Granada, na kusimulia kukamilika mwezi 3 Dhulhija 756 (1355). Ibn Khaldun ametaja kuwa watu walinong'onezana kuwa Ibn Battuta ni mwongo, na kwamba yeye mwenyewe alimweleza waziri shaka yake. Waziri akamkanya asikanushe hali za nchi kwa kuwa hakuziona, akampigia mfano wa mtoto aliyelelewa gerezani pamoja na baba yake, asijue mnyama ila panya, hata kila akitajiwa mbuzi au ngamia hudhani kuwa ni namna ya panya.

Ibn Battuta alimaliza umri wake katika ukadhi wa mji mmoja wa Maghribi. Katika mwaka wa kufa kwake pana khitilafu, 770 (1368 au 1369) au 779 (1377). Kitabu chake kilikaa karne nyingi mikononi mwa wachache, mpaka kilipopigwa chapa chote Paris, baina ya mwaka 1853 na 1858.

Ama ule mtaa wa Zaytun, haukuishi sana baada yake. Mwaka 1357 askari Waislamu wa mji ule waliasi, vita vikaendelea kiasi cha miaka kumi, na mwisho wake wageni wengi waliuawa, na waliobaki wakatawanyika. Makadhi na wafanya biashara waliompokea Ibn Battuta, majina yao hayangalijulikana leo na wengi lau si kitabu chake.

MAZINGATIO

Ndugu msomaji, yako maneno yatajwayo sana juu ya kutafuta ilimu hata Uchina, na wanavyuoni wa hadithi wameyadhoofisha, basi hatuyafanyi kuwa ndiyo hoja yetu. Yatutosha kisa cha mtu huyu. Katika safari yake twajifunza kuwa Mwislamu aweza kukaa na watu wa mbali sana na dini yake, akaihifadhi sala yake, na pamoja na hayo akawashuhudia kwa wema walio nao. Na twajifunza kuwa afungaye mlango wake hupunguza ilimu yake, na huenda akawasema watu kwa asiyoyajua.

Na kila aliye safarini leo, Uchina au Ulaya au Ghuba, naye ana mama au baba aliye hai, basi asingoje kukhabarishwa na mtu wa njiani. Awaandikie, awapelekee, na akiweza kurudi arudi. Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn Battuta, na awarehemu wazee wetu na wake, na awarejeshe wasafiri wetu kwao kwa salama. Amin.